Ufa wa Chumba cha Nyuma

"Jumamosi wanakuja kuiona," Avit alisema kwenye simu. "Una siku tano, Anna. Toa makorokoro, piga rangi, tundika mapazia mapya. Nyumba ikipendeza, mtu hakagui sana."

Annastella alikuwa amesimama katikati ya sebule ya nyumba ya baba yake, Hamugembe, simu sikioni, macho kwenye glasi ya maji juu ya meza ya chakula. Maji yalikuwa yametulia. Akashusha pumzi.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, kaka."

Hakuna aliyejua habari za glasi ile. Kila jioni aliporudi kutoka Maruku, kwenye kitalu cha miche ya migomba alikofanya kazi, jambo la kwanza alilofanya kabla hata ya kuvua viatu ni kujaza maji nusu glasi na kuyaweka pale atakapoyaona. Ardhi ikitikisika, maji yatamwambia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, na kwa miaka tisa, tangu tetemeko lile la Septemba, hakuwahi kulala kitandani. Alilala kwenye kochi la sebuleni, na mlango aliurudishia tu bila kuufunga, ili akikurupuka asipoteze muda kutafuta ufunguo. Chumba cha nyuma, ambamo ukuta ulimwangukia mama yake, hakuwahi kukikanyaga tena. Ndugu walidhani kochi ni uvivu.

Angeweza kuhama. Kazini kulikuwa na nyumba za watumishi, na baba yake, Ta Joackim, aliyehamia Kishanda, huko Muleba, kwa Avit mara tu baada ya mazishi, alimsihi mara nyingi aondoke pale. Hakuondoka. Alikaa kama mtu anayetumikia kifungo. Sasa baba ameamua ghafla kwamba nyumba iuzwe, na iuzwe upesi, na Avit amekwisha kumpata mnunuzi. Ni mama mmoja aitwaye Evelyne, mwenye watoto watatu, aliyehamishiwa kazi Bukoba kutoka Biharamulo, na alitaka kuingia kabla shule hazijafunguliwa.

"Fundi nimekutafutia," Avit alimalizia. "Anaitwa Bashiri. Alhamisi asubuhi atakuwa hapo."

Lakini Alhamisi asubuhi aliyekuja hakuwa Bashiri.

"Hodi!"

Annastella alikuwa amepanda kwenye stuli akishusha mapazia. Mwili ulimjulisha kabla ya akili. Sauti ile. Akashuka taratibu, akijishikilia kwenye ukuta, akafungua mlango.

Faruku alisimama barazani na mfuko wa vifaa begani. Alikuwa ameongezeka mwili kidogo, na ndevu zilikuwa na mvi mbili tatu kidevuni. Macho yalikuwa yaleyale, yale yanayomtazama mtu bila haraka, kama yana siku nzima.

"Bashiri ana homa," alisema. "Amenituma mimi." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, nakudanganya. Aliponitajia nyumba ya mwalimu Joackim, nilimwambia pumzika, nitakwenda mimi."

"Faruku, ondoka."

"Sawa."

Hakuondoka. Naye Annastella hakufunga mlango.

"Kaka yangu akikukuta hapa..."

"Atakuta fundi."

"Anataka nyumba ionekane nzuri kufikia Jumamosi. Basi. Fanya kazi yako uende." Alitaka maneno yatoke makali, yakatoka yakitetemeka. Akageuka kabla hajamwona usoni.

Faruku akaanza na chumba cha mbele. Annastella alimsikia akisogeza kitanda, akikwangua rangi ya zamani, akipiga mluzi kidogo kisha akijikatiza. Alikumbuka mluzi ule. Zamani ulitokea nyuma ya ua, saa za alasiri, mwalimu akiwa kanisani kwenye kikao cha jumuiya. Faruku alikuwa kijana wa Kiislamu, mtoto wa Bi Maimuna muuza vitenge sokoni, na Ta Joackim alikwisha kusema mara moja mezani, bila kumtazama mtu, kwamba katika nyumba yake hakuna binti atakayeolewa nje ya kanisa. Kwa hiyo walikutania uani, kwenye kivuli cha migomba, wakizungumza kwa kunong'ona.

Saa nne hivi Faruku akafika chumba cha nyuma. Annastella alibaki kwenye korido, hatua mbili kutoka kizingitini, mikono ameikumbatia. Alimwona akigonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akitega sikio. Ngo, ngo, ngo. Halafu, chini ya dirisha, mlio ukabadilika. Ukawa mtupu, kama kugonga debe.

Faruku akagonga tena, akageuka.

"Anna, njoo usikie hapa."

"Siingii humo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Hakucheka. Hakusema kwamba ni miaka mingi sasa. Alichukua patasi na nyundo, akaanza kubandua lipu kidogokidogo. Vipande vikadondoka sakafuni. Kisha akaingiza vidole viwili ukutani, akavuta, na kilichotoka ni karatasi. Karatasi ya mfuko wa saruji, iliyokunjwa ikashindiliwa, na nyuma yake nyingine, na nyingine tena, zote zimekauka zikawa ngumu kama magome.

"Nini hicho?" Annastella aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ufa. Mkono wangu unaingia." Alikwangua kona ya ukuta, akatazama ndani. "Na hapa hakuna nondo hata moja. Juu hakuna mkanda wa zege. Sehemu ya juu ilipoanguka, waliijenga upya juu ya huu wa chini, wakafunika kila kitu kwa lipu. Ukuta huu umesimama kwa mazoea tu, Anna."

Miaka tisa watu walimwambia kwamba hofu yake ni ya bure, aende kusali, anywe dawa, aolewe itaisha. Na miaka tisa kitu kile kilikuwa pale, nyuma ya rangi, kikingoja.

Alijikokota hadi sebuleni. Ndipo lori lilipopita barabarani, lori zito la mchanga likipanda mlima, na vioo vya madirisha vikaanza kulia. Sahani kabatini zikagongana. Maji kwenye glasi yakapiga duara, na duara, na duara.

Annastella hakujua alifikaje chini ya meza. Alijikuta tu yuko huko, magoti kifuani, mikono kichwani, meno yakigongana.

Viatu vya Faruku vikatokea mlangoni. Vikasimama. Alingoja kumsikia akisema ni lori tu, toka. Badala yake akaona magoti yake yakikunjwa, kisha bega, kisha kichwa kilichojaa vumbi la saruji, na mwanamume mzima akajikunja akaingia chini ya meza na kuketi kando yake, shingo imepinda kwa sababu pale palikuwa padogo kwake.

Lori likapotea. Waliendelea kukaa.

"Ni lori," Annastella alisema hatimaye, kwa aibu.

"Najua. Nakaa tu."

Machozi yakamtoka. Bega la Faruku lilikuwa karibu na lake, halimgusi, ila joto lake lilifika.

"Nilikuja Maruku mara tatu baada ya msiba," Faruku alisema. "Mara ya tatu nilikuona ukijificha nyuma ya miche. Miche yenyewe mifupi, kichwa chote kiko nje."

Annastella alicheka bila kutaka, kicheko kikageuka kilio.

"Ulidhani sikupendi tena?"

"Ulitaka nidhani nini? Hukujibu ujumbe hata mmoja. Mama akaniambia oa, nikaoa. Tuliachana mwaka wa pili. Yule dada hakuwa na kosa."

"Faruku, siku ile mama alikuwa na kichwa kinamuuma. Aliniambia anajinyoosha kidogo, nimwamshe saa tisa." Hakuwahi kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu, hata kwa padri. "Saa tisa nilikuwa uani na wewe. Nilitazama saa. Nikasema dakika kumi tu. Halafu nyingine kumi. Halafu ardhi ikaja."

Faruku alitazama viganja vyake.

"Mimi ndiye niliyesema dakika kumi," alisema.

"Hapana, ni mimi."

"Ni mimi, Anna. Ulisema unakwenda kumwamsha mama, nikakushika mkono. Nakumbuka mpaka rangi ya kanga yako. Unadhani nilichimba kifusi vile kwa ajili ya nini? Nilichimba kwa mikono kwa sababu nilijua ni mimi."

Wakatazamana, uso kwa uso, katika nafasi ndogo ile. Miaka yote hiyo alidhani amebeba mzigo peke yake, na kumbe upande wa pili wa mji mtu mwingine alikuwa ameubeba uleule. Faruku akanyoosha mkono taratibu, akamfuta machozi kwa nyuma ya kidole, pasipo na vumbi.

Geti likagongwa. Mlango wa gari ukafungwa, na sauti za watoto zikajaa uani.

"Anna! Uko wapi?" Alikuwa Avit. "Mama Evelyne amefika mjini leo, nikaona nisimngojeshe!"

Walitoka chini ya meza kama wezi. Annastella alipangusa uso kwa upande wa kanga. Avit akaingia na debe la rangi na brashi mkononi, nyuma yake mwanamke mrefu mwenye macho ya uchovu, na watoto watatu wakitangulia kila mahali.

"Karibu, dada, karibu sana," Avit alisema kwa uchangamfu. "Samahani kwa vumbi, fundi yuko kazini." Halafu akamtazama fundi, na uchangamfu ukapungua. "Wewe si Bashiri. Wewe ndiye... wewe ndiye uliyemtoa mama kwenye kifusi."

"Ndiyo, kaka."

"Tulikutafuta msibani tukushukuru, hukuonekana." Macho yake yalitoka kwa Faruku, yakaenda kwa dada yake, yakaona vumbi la saruji kwenye kanga, begani. "Sijawahi kujiuliza siku ile ulitokea wapi, ukafika upesi hivyo."

Annastella akapangusa vumbi begani. Evelyne alikuwa akitazama dari ya sebule, akitabasamu kidogo, akipanga makochi yake kichwani.

Avit akamvuta Faruku hadi korido, akachungulia chumba cha nyuma, akauona ukuta uliobanduliwa. Aliongea kwa kunong'ona, lakini Annastella alisikia kila neno.

"Umefanya nini? Funika! Changanya lipu ufunike sasa hivi, nitamwonyesha jiko kwanza."

"Naweza kuufunika kwa nusu saa, na hakuna atakayeuona," Faruku alijibu. "Sitaufunika."

"Basi atafunika mwingine."

"Hilo siwezi kulizuia. Mimi siufuniki."

"Mama!" Sauti ya mtoto ikalia kwa furaha. "Mama, hiki ni changu! Kina dirisha linaona migomba!"

Msichana wa miaka saba hivi, mwenye sare mpya ya shule iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani, alikuwa amepenya kati ya wanaume wawili. Alisimama ndani ya chumba cha nyuma, na ili aone vizuri nje, aliegemea ukuta chini ya dirisha, mgongo wake wote juu ya ufa ule.

Annastella hakufikiri. Kama angefikiri asingeweza. Alivuka kizingiti ambacho hakukivuka kwa miaka tisa, sakafu ikiwa baridi chini ya nyayo zake, akamwinua mtoto mzimamzima kifuani, akatoka naye mbio mpaka barazani. Hapo ndipo alipogundua kwamba anapiga kelele.

"Mae! Mama yangu! Kuna nini?" Evelyne alimkimbilia.

"Usiinunue." Annastella alimkabidhi mtoto wake. "Dada, usiinunue nyumba hii. Ukuta ule ni mbovu kutoka chini mpaka juu. Ulimwangukia mama yangu. Ungepigwa rangi leo, na Jumamosi usingeona chochote."

"Anna!" Avit aliguta.

Evelyne hakumjali Avit. Alikwenda mwenyewe, akaangalia ufa, akaziangalia karatasi sakafuni. Aliporudi, midomo ilikuwa imekauka.

"Unatengenezeka?" alimuuliza Faruku.

"Ubomolewe wote, ujengwe upya na nondo na mkanda. Miezi miwili, ukifanya kwa haraka."

"Sina miezi miwili. Shule zinafunguliwa wiki ijayo." Alimbana mtoto kifuani. Kisha akamgeukia Annastella. "Mtoto huyu hupenda kulala akiwa ameegemea ukuta," alisema. Aliwakusanya watoto wake na kuondoka, bila kumuaga Avit.

Avit alirusha brashi sakafuni.

"Umefurahi? Baba atakufa na nyumba hii mkononi! Na huyu," alimnyooshea Faruku kidole, "mimi si mjinga. Sasa nimeelewa siku ile alitokea wapi. Nampigia baba simu sasa hivi, ajue kila kitu."

Zamani maneno hayo yangemmaliza. Alitazama simu ikibonyezwa, akasikia ikiita, na kabla baba hajasema neno la pili, aliinyakua mkononi mwa kaka yake.

"Tata, ni mimi Annastella."

Alisema yote. Alisema uani, saa tisa, dakika kumi. Alitaja jina la Faruku na jina la mama yake, Bi Maimuna, ili pasiwe na mashaka. Alisema kwamba Faruku ndiye fundi aliyeubandua ukuta wa nyuma, na kwamba mnunuzi amekwenda na ni yeye aliyemfukuza. Alipomaliza, upande wa pili walisikika kuku tu, kwa mbali Kishanda.

"Tata?"

"Huyo fundi amekuta nini ukutani?"

Swali lilimshangaza. "Karatasi. Za mifuko ya saruji."

Sauti ya mzee iliporudi, ilikuwa imezeeka.

"Nilizijaza mimi. Mwaka mmoja kabla ya tetemeko. Mama yako aliuona ufa, akaniambia ita fundi. Nikasema subiri tuvune kahawa. Akanikumbusha tena. Nikachukua mifuko mitupu, nikaziba mwenyewe, nikapiga lipu juu, nikamwambia tayari." Alikohoa. "Baada ya kumzika sikuweza kuitazama nyumba ile. Na mvua ikinyesha huku nakaa macho, najua wewe uko mle ndani. Nimekuomba uhame mara ngapi? Mwisho nikaona iuzwe tu, utoke. Sababu sikuweza kuisema, bojo, mwanangu. Niliogopa utanichukia."

Annastella aliketi barazani, simu sikioni. Avit, aliyekuwa amesogeza sikio karibu na simu akasikia kila kitu, alikuwa amejishika kiuno akitazama chini. Usoni hakuwa na hasira tena, alikuwa kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Kesho mje," baba alisema. "Na yeye aje."

"Nani, Tata?"

"Huyo mwana wa Maimuna."

Usiku ule Annastella alilala kwa shangazi yake. Kesho yake, njia nzima mpaka Muleba, alikaa nyuma ya pikipiki ya Faruku bila kusema, akijua kwamba kila kijiji wanachokipita kinamsogeza karibu na hukumu. Walipokata kona ya kuingilia Kishanda, Faruku alisimamisha pikipiki kando ya shamba.

"Nina hofu," alikiri. "Mikono inanitoka jasho. Akinifukuza je?"

"Mimi nina hofu zaidi yako."

"Turudi?"

Annastella alimtazama, jasho kwenye paji la uso, shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe likabaki na mkunjo mmoja kifuani. Alimpenda kiasi cha kuumia.

"Hapana," alisema. "Washa."

Ta Joackim alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha mbao, kahawa imeanikwa kwenye majamvi mbele yake. Avit alisimama mlangoni, hakutoka. Faruku alikwenda hadi mbele ya mzee, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

Faruku hakuelewa, lakini akainyoosha. Mzee aliishika, akaigeuza. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikuwa na kucha, hazikuota tena tangu siku ile ya kifusi, na kovu refu lilikata kiganja. Ta Joackim aliitazama mikono ile kwa muda mrefu sana, mpaka Annastella akapiga magoti kando ya kiti cha baba yake.

"Angeamka saa tisa, Tata. Kama ningekwenda..."

"Nilikaa na mama yako miaka thelathini na minne," mzee alimkatiza, polepole. "Akiamka mchana alifanya nini?"

Annastella alimtazama.

"Alikaa palepale kitandani na rozari yake. Nusu saa, wakati mwingine zaidi. Ungemwita mara tano asitoke. Ungemwamsha, angekaa palepale, na wewe ungekaa miguuni pake kama ulivyozoea." Akamshika bega. "Ningezika wawili."

Annastella alilaza kichwa kwenye goti la baba yake, akalia kilio alichokikalia miaka tisa. Mzee alimwekea mkono kichwani. Mkono wa pili ulikuwa bado umeshika wa Faruku.

"Mambo ya dini na ya ndoa siyawezi leo," alisema baadaye. "Ni mengi, na ukoo una midomo. Mama yako Maimuna naye nadhani ana yake ya kusema."

"Anayo, mzee," Faruku alijibu. "Mengi."

"Basi yatasemwa." Akaita, "Avit! Leta kahawa ya mgeni."

Avit alisita mlangoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akakipeleka kwa baba yake bila kuwatazama wengine. Ta Joackim hakukichukua. Alionyesha kwa kidevu, na Avit akageuka akamnyooshea Faruku kikapu kwa mikono miwili.

Faruku alichukua punje mbili, akashukuru.

"Kaa," mzee alisema, akimsogezea kigoda. "Tafuna kwanza. Halafu utanieleza namna ukuta ule unavyobomolewa." Akafunga macho kidogo. "Na unieleze taratibu, mwanangu. Ninauogopa sana."

Annastella aliinua kichwa, akajipangusa uso, akajivuta akaketi chini kwenye jamvi, katikati ya wanaume wale wawili, asikilize.